Mbegu Milioni 149, Hakuna Hata Moja Yenye Kofia: Kisa cha Ndoa ya Ujiji

Kisa hiki cha ugumba ni cha kufundishia. Mume na mke waliomo nimewaunda ili wabebe mambo yanayoweza kukutwa kwenye maabara za mkoa kama wetu wa Kigoma, kwa hiyo mtu asimtafute jirani yake humu. Sayansi yake ndiyo isiyoundwa.

Mume ana miaka 34, ni mvuvi wa dagaa, na boti anayofanyia kazi hushusha Kibirizi. Mke ana miaka 29, anauza mawese sokoni Ujiji. Wana miaka sita ya ndoa na haijawahi kuingia mimba, hata ya kuharibika. Ni ndugu pia: baba yake mke na mama yake mume ni kaka na dada, tumbo moja. Kwa hiyo mama mkwe wa huyu binti ndiye shangazi yake, na jambo hilo lina uzito kwenye kisa, kwa sababu maneno ambayo mwanamke angeweza kumjibu mama mkwe wa ukoo mwingine, kwa shangazi hayatamkiki. Kulikuwa na undugu mwingine ambao haukuandikwa kwenye faili lolote mpaka mwishoni. Wazazi wa mume nao walioana wakiwa binamu. Baba zao walikuwa mtu na mdogo wake.

Katika miaka yote hiyo aliyepimwa ni mke. Alipigwa ultrasaundi, alifanyiwa kipimo cha mirija na mirija ikaonekana wazi pande zote mbili, alipimwa homoni, akapewa vidonge vya kupevusha mayai mzunguko baada ya mzunguko ingawa mayai yake yalikuwa yanapevuka yenyewe bila msaada. Kila alipolalamika tumbo aliandikiwa dawa za UTI. Nje ya hospitali kulikuwa na mizizi ya kuchemsha ya kutoa chango, na mletaji alikuwa shangazi mwenyewe, ambaye huketi kitako mpaka kikombe kiishe.

Faili la mke lilikuwa nene. La mume lilikuwa karatasi moja, ya mwaka wa tatu wa ndoa, kutoka maabara ya binafsi. Ujazo mililita 3.1. Mbegu milioni 48 kwa kila mililita. Zinazotembea asilimia 51. Kwenye mstari wa maumbo ya mbegu palipigwa kistari, na chini yake pakagongwa muhuri unaosema kwamba majibu ni ya kawaida. Zidisha mwenyewe: ni mbegu zinazokaribia milioni 149 kwa mara moja. Karatasi hiyo ilikunjwa mara nne ikaingia kwenye pochi, na ilitolewa kila kikao cha familia kilipokaa. Baada ya hapo hakuna aliyerudi kumuuliza mume lolote.

Mimi siilaumu karatasi kwa kilichoandikwa. Kila namba iliyomo ni ya kweli na iko juu ya mipaka. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la sita la mwongozo wake wa upimaji wa shahawa lililotoka mwaka 2021, linaweka mipaka ya chini hivi: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39, zinazotembea asilimia 42, na zenye umbo la kawaida asilimia 4. Namba hizo zilipatikana kwa kuwapima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, kisha kuchukua kiwango ambacho ni asilimia tano tu ya wanaume hao waliokuwa chini yake. Tatizo liko kwenye kile kistari.

Nadhani najua kinatoka wapi. Hiyo asilimia 4 humlegeza mtu. Ukishaambiwa kwamba mwanaume anaweza kuwa na mbegu 96 mbovu katika kila 100 na bado akazaa, unaona kuangalia maumbo ni kupoteza muda, hasa asubuhi ya Jumatatu yenye foleni ya watoto wenye homa wanaosubiri kupimwa malaria. Lakini mbegu 96 zenye kasoro mchanganyiko, hii kichwa kirefu, ile shingo imepinda, nyingine mkia mfupi, ni habari tofauti kabisa na mbegu zote kuwa na kasoro moja ileile.

Hoja ya mbalamwezi

Kabla ya kufika huko, muuguzi mmoja alikuwa na wazo lake, na halikuwa la kijinga. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hufanya kazi usiku wenye giza, kwa taa, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina maana, wanapumzika nyumbani. Mke ana mzunguko wa siku 28. Je, kama siku zake za kushika mimba zinaangukia kwenye giza kila mwezi, wakati mume yuko ziwani?

Hebu tuifanyie hesabu. Mwezi wa angani huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo kila mzunguko wa mke unatangulia mwezi kwa siku moja na nusu. Siku zake za rutuba haziwezi kubaki kwenye giza daima. Zinasogea, na baada ya miezi ishirini hivi zinakuwa zimepitia sura zote za mwezi. Katika miaka sita mbalamwezi na rutuba vimekutana vya kutosha. Isitoshe mume hurudi asubuhi. Halali ziwani mchana. Hoja ya mbalamwezi ingeweza kueleza kuchelewa kwa miezi kadhaa, miaka sita hapana. Naisifu hata hivyo, maana muuguzi huyo alikuwa wa kwanza kuuliza swali linalomhusu mume.

Kilichomleta mume maabara mara ya pili ni kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu nyumbani, hana sababu ya kusema yuko kazini, na mkewe akasema waziwazi kwamba hanywi tena kikombe chochote mpaka mwenzake naye apimwe upya.

Maelezo aliyopewa ni ya kawaida, ila inafaa yasemwe kwa sababu ndiyo yanayoharibu vipimo vingi. Asifanye tendo la ndoa wala kujitoa shahawa kwa siku zisizopungua mbili na zisizozidi saba. Asitumie kondomu kukusanyia, kwa kuwa mafuta yake huweza kudhuru mbegu. Chombo kiwe cha maabara. Choo cha wagonjwa alikikataa, na simlaumu, hivyo alikusanyia nyumbani Ujiji na kuja na bodaboda, chombo kikiwa ndani ya shati karibu na mwili, akafika kabla ya nusu saa. Mwongozo unataka uchunguzi uanze ndani ya saa moja.

Kilichoonekana kwenye slaidi

Ujazo mililita 2.8. Mbegu milioni 52 kwa mililita. Zinazotembea asilimia 47. Ilikuwa imebaki kidogo karatasi ya pili ifanane na ya kwanza.

Aliyekuwa kwenye hadubini aligundua jambo alipokuwa anahesabu mwendo, kabla hata ya kupaka rangi. Mikia ilikuwa inapiga vizuri, lakini kilichokuwa mbele ya kila mkia kilikuwa nukta. Kichwa cha mbegu ya kawaida kina umbo la yai, urefu wa mikromita nne na kitu na upana usiofika tatu, na kikigeuka kinameta upande mmoja. Hizi hazikuwa na upande. Vyovyote zilivyogeuka zilionekana vilevile.

Hapa kuna mtego ambao ningependa wenzangu wa maabara wauepuke. Shahawa huwa na seli za duara: chembe nyeupe za damu, au seli changa za mbegu zilizotoka kabla ya wakati. Mwenye haraka akiona vitu vya duara vingi anaandika seli za duara, na daktari akisoma hivyo anaandika antibayotiki. Tofauti ni mkia. Seli za duara hazina mkia. Hivi vilikuwa vichwa vya duara vyenye mikia inayosukuma.

Slaidi ilikaushwa, ikagandishwa kwa methanoli na kupakwa rangi ya Giemsa, chupa ileile inayotumika kwa malaria. Rangi inayopewa kipaumbele na mwongozo kwa mbegu za kiume ni ya Papanicolaou, na Giemsa si mbadala kamili wake, lakini swali lilikuwa la umbo la kichwa, na kwa hilo inatosha. Kwa lenzi ya 100 na mafuta ya kuzamishia, zikahesabiwa mbegu 200 kama inavyotakiwa. Vichwa vya duara vilikuwa 200. Baadhi ya mikia ilijikunja, na kwenye shingo za nyingi kulibaki donge la saitoplazimu ambalo lilitakiwa liwe limekwishatupwa. Zenye umbo la kawaida: sifuri.

Kipimo kilirudiwa baada ya wiki kadhaa, majibu yakawa yaleyale. Kurudia ni lazima, kwa sababu mbegu huchukua siku 74 hivi kutengenezwa na homa kali katika kipindi hicho inaweza kuvuruga idadi, mwendo na hata maumbo. Ila homa huvuruga ovyo. Haichongi mbegu zote kwa sura moja.

Hali hii inaitwa globozospemia. Ni nadra sana: haifiki mwanaume mmoja kati ya elfu moja wenye tatizo la uzazi. Ipo pia ya nusu, ambapo sehemu ya mbegu ndizo zina vichwa vya duara na nyingine ni nzima, na hiyo huwa na sababu nyingine na matumaini mengine. Ndiyo maana kuandika tu kwamba vichwa vya duara vimeonekana hakutoshi, inatakiwa namba.

Kofia na kinachoishikiza

Kila mbegu ya kiume huanza na kichwa cha duara. Ikiwa bado seli changa ndani ya korodani haina mkia wala ncha. Kisha mambo mawili huenda pamoja. Upande mmoja mkia unachipuka. Upande wa pili vifuko vidogo kutoka kwenye Golgi, sehemu ya seli inayofungasha protini, vinaungana, vinajilaza juu ya kiini na kutandaa mpaka vimefunika sehemu yake ya mbele. Hiyo ndiyo akrosomu, kofia ya mbegu. Ndani yake mna vimeng'enya, akrosini ikiwa kimojawapo, vinavyotumika mbegu inapopenya ganda la yai.

Kofia hiyo haikai kwa uzito wake. Kati yake na kiini kuna tabaka jembamba la protini liitwalo akroplaksomu, na chini ya tabaka hilo, kwenye utando wa ndani wa kiini chenyewe, ndipo inapokaa protini ya DPY19L2. Imejengwa kwa amino asidi 758, ambazo ndizo matofali ya protini, imepita na kurudi ndani ya utando mara kadhaa, na kazi yake ni kushikiza. Isipokuwepo, kofia huanza kutengenezwa vizuri tu, inatandaa, halafu inabanduka kama kofia ya kichwani isiyo na kamba kwenye upepo wa ziwa, na kutupwa nje pamoja na mabaki ya saitoplazimu. Kichwa kinabaki bila kofia, na bila kofia hakirefuki. Haya yalionekana hatua kwa hatua kwa panya walioondolewa jeni inayotengeneza protini hiyo, yenye jina hilohilo, katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2012. Madume yasiyo na nakala hata moja yalikuwa tasa. Yenye nakala moja yalizaa, na majike yasiyo nayo yalizaa pia.

Kwa binadamu jeni ya kwanza ya hali hii, SPATA16, iliripotiwa mwaka 2007 kwa ndugu watatu wa familia moja ya Wayahudi wa Ashkenazi. Lakini ilieleza wagonjwa wachache mno. Mwaka 2011 makundi mawili ya Ufaransa, la Grenoble na la Strasbourg, yalitoa kwa wakati mmoja jibu kubwa zaidi. Kundi la Grenoble lilichunguza wanaume 20, wengi wao wa Tunisia, na 15 kati yao walikuwa wamekosa jeni nzima ya DPY19L2 kwenye kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, zao zote mbili za namba 12. Haikuwa herufi moja ya DNA iliyoandikwa vibaya. Kipande cha herufi laki mbili kilikuwa hakipo.

Namna kipande hicho kinavyopotea inavutia kuliko yote. Pande zote mbili za jeni kuna maandishi mawili yanayofanana karibu herufi kwa herufi, kila moja lenye herufi 28,000 hivi. Wakati wa kutengeneza mbegu au yai, kromosomu mbili hulala sambamba na kubadilishana vipande. Mara moja moja zinakosea mstari: andishi la kushoto la moja linajipanga na la kulia la nyingine. Zikibadilishana hapo, moja inaondoka na jeni mbili na nyingine inaondoka na pengo. Kosa hili hutokea upya kwa watu wa taifa lolote, Tunisia, Ufaransa au Ujiji. Halina kabila wala laana. Ndoa ya ndugu haitengenezi pengo. Inachofanya ni kuongeza uwezekano wa mapengo mawili yaliyotoka kwa babu mmoja kukutana ndani ya kitukuu.

Hapo ndipo lilipoulizwa swali la wazazi wa mume, na shangazi akajibu bila kusita kwamba yeye na marehemu mumewe walikuwa watoto wa ndugu wawili. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Je, ni DPY19L2 kweli?

Kipimo cha jeni hakikufanyika, na msimamo wangu ni kwamba hakikuwa cha haraka. Kwa mwanaume mwenye vichwa vya duara asilimia 100, aliyezaliwa na wazazi ndugu, jeni hii ndiyo inayodhaniwa kwanza kwa sababu ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya wagonjwa wa namna hiyo. Slaidi imeshajibu swali la ndoa: mbegu hizi hazina kofia, haziwezi kuingia kwenye yai zenyewe, na hakuna kidonge, sindano, mzizi, vitamini wala upasuaji wa mshipa wa korodani utakaozitengenezea kofia. Kipimo cha jeni kisingebadilisha neno hata moja katika sentensi hiyo.

Kuna vipimo ambavyo vingekuwa hasara tupu. Mume alikuwa ameshauriwa na rafiki yake wa Dar es Salaam apimwe kromosomu Y. Ushauri mzuri, mahali pasipo pake: mapengo ya kromosomu Y hupunguza mbegu sana au huzimaliza, na huyu ana zaidi ya milioni 140. Vivyo hivyo homoni za korodani. Kiwanda kinafanya kazi usiku na mchana. Kinachokosekana ni kifungo kimoja.

Jinsi walivyoambiwa

Mume aliambiwa kwanza, peke yake, kisha wote wawili pamoja kwa ridhaa yake. Mpangilio huo nauunga mkono. Majibu ni ya mwili wake, na mtu akipata nafasi ya kukaa nayo kidogo hutoka chumbani akiwa anaweza kumtazama mwenzake.

Akatoa ile karatasi ya pochi. "Sasa dokta, hii ilisema uongo?" Hapana, akaambiwa, ilihesabu na kuangalia mwendo, na vyote viwili ni vizuri mpaka leo. Haikuangalia vichwa. Akaonyeshwa slaidi yake, halafu picha ya mbegu za kawaida, akatazama kwa muda mrefu kama mtu anayekagua nyavu. Swali lake la pili lilikuwa la dawa, hata kama iko Dar, hata kama iko India. La tatu alilinong'ona, na lilihusu nguvu za kiume. Kwetu mambo haya mawili huchanganywa kila siku, na wauza dawa wa stendi wanaishi kwa mchanganyiko huo. Homoni ya kiume hutengenezwa na seli nyingine za korodani ambazo hazina habari na DPY19L2. Sauti, ndevu, hamu, kusimama, kumaliza: vyote viko palepale, na hakuna mke anayeweza kujua hali hii kwa kuona wala kuhisi.

Mke hakusema mengi. Aliuliza kama vile vidonge vya kupevusha mayai alivyomeza vimemwachia madhara, akajibiwa kwamba hakuna dalili yake, kisha akauliza nani atamwambia shangazi.

Aliyemwambia ni mwanawe mwenyewe. Shangazi huyo alikuja siku nyingine na swali alilolifunga kwa uchungu: "Ni mimi niliyempa, au baba yake?" Jibu ni kwamba wote wawili, sawasawa, na hakuna aliyejua. Kila mmoja wao alikuwa na nakala moja nzima ya jeni, na nakala moja inatosha. Ushahidi ni kwamba baba huyo alizaa watoto watano. Ni mtoto aliyepokea mapengo yote mawili ndiye anayeumia, tena akiwa wa kiume tu. Bibi akanyamaza, kisha akauliza kama yule mtoto wa kaka yake anaweza kuacha kunywa mizizi. Alikuwa ameshaacha.

Hesabu ya undugu na njia zilizobaki

Swali ambalo halikuulizwa na yeyote wa familia, na ambalo mtoa ushauri ndiye anayepaswa kulileta, ni kama mke naye amebeba pengo. Baba yake ni kaka wa mama mkwe. Mama mkwe amebeba. Kaka yake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa amebeba. Binti wa kaka huyo, moja kati ya nne. Hapo sijahesabu upande wa mama yake. Kama mke amebeba, basi kila mtoto wa kiume atakayezaliwa kwa mbegu za huyu mume ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa kama baba yake. Ukizidisha zote, kabla ya kipimo chochote, ni mtoto wa kiume mmoja kati ya wanane. Mtoto wa kike hana la kuhofia kwa upande wa kuzaa kwake. Hesabu hii haitegemei jina la jeni. Inatosha kuwa hali ni ya kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Kipimo cha jeni kingekuwa na kazi hapa: kumpima mke, baada ya kujua hasa kinachotafutwa kwa mume.

Njia ya kupata mtoto wa damu yao ni moja. Inaitwa ICSI: mbegu moja inachukuliwa kwa sindano nyembamba na kudungwa ndani ya yai, bila kupita kwenye ganda. Watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa Brussels mwaka 1992. Mtu angedhani kwamba tatizo la kofia linaishia hapo, kwa kuwa mbegu haihitaji tena kupenya. Haliishi. Kichwa cha mbegu hubeba protini nyingine, PLC zeta, ambayo ndiyo huliamsha yai baada ya kuingia: hufanya kalisi, yaani kalsiamu, ndani ya yai ipande na kushuka kwa mawimbi, na yai likaanza kugawanyika. Kwa wanaume wasio na DPY19L2 protini hiyo hupungua sana au haipo, imepotea pamoja na kofia. Mbegu inadungwa, yai linalala. Ndiyo maana kwa wanaume hawa maabara huongeza hatua ya kuliamsha yai kwa dawa inayoingiza kalisi, na kwa hatua hiyo watoto wamezaliwa.

Dar es Salaam zipo kliniki za binafsi za kupandikiza mimba, na kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kwa hiyo barua ya rufaa haikuandikwa ugumba wa mume na kuishia hapo. Iliandikwa: globozospemia kamili, mbegu 200 kati ya 200, vipimo viwili, wazazi wa mgonjwa ni ndugu, mke ni binamu, inadhaniwa DPY19L2, tafadhali mjibu kama mnafanya ICSI pamoja na kuamsha yai. Na wakaambiwa wapige simu na kupata jibu la swali hilo la mwisho kabla ya kukata tiketi. Gharama ni mamilioni ya shilingi, na kufaulu kwa mara ya kwanza hakuahidiwi na mtu mkweli.

Mbegu ya mwanaume mwingine waliikataa kabla sentensi haijaisha. Ni Waislamu, na fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980, ambayo wanazuoni wengi wa Kisunni wanaifuata, inaruhusu upandikizaji kwa mbegu na yai la mume na mke walio ndani ya ndoa, na inakataza mtu wa tatu. ICSI kwao ni halali, kikwazo ni pesa. Kulea mtoto walilizungumza zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina taratibu za malezi na za kuasili, na pa kuanzia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri; ila familia za Ujiji zimekuwa zikipeana watoto wa kulea bila karatasi tangu zamani, na dada wa mume ana wanne.

Mpaka ziwa lilipofunguliwa hawakuwa wameamua. Mume alirudi Kibirizi, mke akaendelea na mawese, na kuna akaunti ya simu wanayoweka kidogo kidogo ambayo shangazi naye huichangia.

Amebaki mdogo wake mume. Ana miaka 27, ameoa mwaka na miezi miwili, mkewe hajashika mimba, na kwa uzazi wa tumbo moja ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa na hali ileile. Kwa mtu kama huyu sioni haja ya kutafuta jeni kwanza; slaidi ni rahisi kuliko kipimo chochote cha DNA na jibu lake linatoka siku hiyohiyo. Alikuja akisukumwa na kaka yake. Mbegu 200 zikahesabiwa: vichwa vya umbo la yai, kofia zipo, za kawaida asilimia 9. Zinazotembea zilikuwa asilimia 31, chini ya mpaka, na alipoulizwa akasema alikuwa ametoka kuugua malaria wiki tano zilizopita. Ameambiwa arudi baada ya miezi mitatu, na mkewe asianzishiwe kidonge chochote kwa sasa.